Karani Aliyenyamaza

Jumamosi, 4 Mei

Nimefungua duka saa mbili. Nimekata suruali tatu za shule, nimeshona mbili. Saa saba nikafunika cherehani, nikaenda kwa Mghoi kupanga viti, kama kila Jumamosi.

Ukumbi wa Mghoi zamani ulikuwa chumba cha kusagia unga. Mashine ilipokufa akanunua projekta na shuka kubwa jeupe. Tangu hapo sisi wapenzi wa filamu za ujasusi hapa Voi tuna mahali petu. Tunatazama, kisha tunabishana mpaka Maghrib.

Leo ilikuwa zamu ya "Karani wa Chumba cha Tisa." Tuliingoja mwaka mzima. Sehemu yake imepigwa hapa hapa mjini, na mashati ya wale makarani wanne wanaokaa nyuma niliyashona mimi. Kwa hiyo mimi si mwamuzi wa haki. Niliamua kuipenda kabla haijaanza.

Jasusi wake hana bastola. Ni karani wa ofisi ya serikali, miaka ile ya woga. Anawasikiliza wenzake wakinywa chai, anaandika. Jirani yake anafungwa kwa ajili ya maandishi hayo. Mwishoni jirani anatoka, amekonda, anamkaribisha karani nyumbani kwake. Karani anakunywa chai. Hasemi kitu. Basi, imekwisha.

Ukumbi ulilipuka. Nyambu, yule kijana wa bodaboda, alipanda juu ya kiti. "Huyo si jasusi, huyo ni sekretari! Saa mbili nzima, hata ngumi moja hakuna!" Mghoi hakujali ngumi. Yeye alikasirishwa na mwisho. Kwa nini karani asiseme? Nikamjibu, aseme ili iweje? Jirani ameshafungwa, ameshatoka, yamekwisha. Kusema ni kujitua mzigo na kumtwika mwenzako.

Nilijiona nimesema neno zito sana.

Mzee Mwadime, ambaye hushuka kutoka Werugha kila Jumamosi na kukaa kiti cha mbele, hakuchangia. Aliondoka bila kuaga. Si kawaida yake.

Jumapili, 5 Mei

Simu imelia tangu alfajiri. Grupu yetu haijatulia. Mghoi kaandika kwamba anayetetea mwisho ule ni mwoga. Hakutaja jina. Hakuhitaji.

Nimeandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine, fupi na baya, nikalituma.

Miaka kumi na minane ya urafiki. Kwa filamu. Naona haya lakini sijaomba radhi.

Jumatano, 8 Mei

Nyambu kaleta koti la mvua, zipu imekatika. Nilipokuwa nalitengeneza alinieleza jinsi yeye angeipiga filamu ile: karani yuko juu ya pikipiki, anaruka reli, helikopta inamfuata. Nimecheka mpaka nikajichoma sindano.

Kisha akanishangaza. Ameitazama tena, peke yake, kwenye simu. "Bado ni mbaya, Bi Zuhura. Lakini yule jamaa hatoki kichwani."

Filamu mbaya haimkeri mtu siku nne.

Mghoi ametangaza mdahalo wa Jumamosi. Je, karani alifanya vibaya kunyamaza? Yeye anaongoza upande wa ndiyo, mimi upande wa hapana. Amenipigia mwenyewe kuniambia. Sauti kavu, lakini amepiga.

Ijumaa, 10 Mei

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Saa nne asubuhi Mzee Mwadime alikuja dukani. Si siku yake ya kushuka. Alikuwa na kabichi mbili kwenye mfuko wa sokoni. Miaka mitatu sasa huniletea mboga na salamu za kumpa Baba, nami huzifikisha, na Baba humrudishia salamu. Zamani walifanya kazi ofisi moja, meza zao zikipakana. Nilimwona mtu mkarimu tu.

Hakutaka kuketi. Akaniambia nimalize mshono kwanza. Nikamaliza. Akasema:

"Mwanangu, ulisema karani asiseme. Nimelifikiria neno hilo wiki nzima, nimeshindwa. Aliyemwandika baba yako ni mimi."

Nilidhani bado tuko kwenye filamu. Nikangoja aendelee.

Alieleza polepole, macho yake kwenye futi ya kupimia niliyoivaa shingoni. Ilikuwa karatasi ya kuikosoa serikali, zile zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono. Baba aliiweka mfukoni mwa koti, koti akalitundika ofisini. Mwadime akapekua akitafuta kiberiti, akaiona. "Kila mwezi walitaka jina," alisema. "Mwezi ule sikuwa na jina."

Baba alikaa ndani miezi mitano. Aliporudi hakuwa na kazi wala nyumba ya kazi. Mimi nilikuwa darasa la saba. Nikatolewa shule, nikafundishwa cherehani mwaka huo huo.

Nilimwambia atoke. Akatoka. Kabichi ziko pale pale mezani. Sikuzipeleka nyumbani.

Jumamosi, 11 Mei

Mdahalo. Watu walisimama mpaka mlangoni.

Mghoi alizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema karani alimwibia jirani yake mara mbili: kwanza uhuru wake, halafu nafasi ya kuamua mwenyewe kama atasamehe au hatasamehe. Nyambu, ambaye eti yuko upande wangu, akasema jasusi akisema atafutwa kazi, kesi imekwisha. Watu wakacheka.

Zamu yangu. Karatasi yangu ilikuwa na hoja sita. Nikasimama, nikaitazama, nikasema, "Sina la kusema." Nikaketi.

Wakadhani ni ujanja, kwamba nawaonyesha kunyamaza kulivyo. Wakanipigia makofi. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Mghoi hakupiga makofi. Watu walipoondoka tukakunja viti pamoja, nikamweleza kila kitu. Hakusema "si nilikwambia." Alinishika mkono tu. Tumepatana, na wala hatukutaja kupatana.

Jumatatu, 13 Mei

Namchukia. Niandike wazi. Nimeharibu gauni la mtu kwa kumfikiria yule mzee.

Nimwambie Baba? Ana miaka themanini na moja. Macho yamefifia, lakini anakula, analala, anasikiliza redio yake. Kwa nini nimvurugie? Ndiyo hoja yangu ya Jumamosi ile, neno kwa neno.

Lakini kuna Ami Athumani.

Ami ni mdogo wake Baba, wa tumbo moja. Ile karatasi Baba alimwonyesha mtu mmoja tu duniani, naye ni Ami. Kwa hiyo Baba alipokamatwa alijua ni nani aliyemsaliti. Aliamini anajua. Ami aliapa kwa msahafu. Baba akamfungia mlango. Ami akahamia upande wa Chala, akalima huko, akazeeka huko. Mama alipofariki alikuja mazikoni. Baba alimkataza kuingia uani. Alisimama barabarani mpaka jeneza likapita. Nilimwona. Nilidhani anastahili.

Mwadime hajui habari hii. Ni ya nyumbani kwetu, hatukumwambia mtu.

Mimi nilisema ameshafungwa, ameshatoka, yamekwisha. Hayajaisha. Kuna mtu bado amefungwa.

Jumanne, 14 Mei

Nimempigia Mzee Mwadime. Sikumwamkia. Nimemweleza habari ya Ami, mwanzo mpaka mwisho.

Nikasikia ng'ombe wake nyuma. Kisha akasema, "Hilo sikulijua, mwanangu. Wallahi sikulijua." Yeye si Mwislamu. Nadhani neno lilimtoka tu, la miaka yake na Baba.

Akasema atakuja kusema mwenyewe, mbele yake.

Nilitaka akatae. Ningeendelea kumchukia kwa raha.

Alhamisi, 16 Mei

Amekuja. Suti ya kahawia, viatu vimepigwa rangi, matope ya Werugha pembeni. Mghoi alimleta mpaka mlangoni, akabaki nje.

Baba aliitambua sauti. Alifurahi. Akataka kahawa iletwe, akauliza habari za baridi ya milimani, akamtania kuhusu mwandiko wake mbaya wa ofisini. Hiyo ndiyo sehemu iliyoniumiza kuliko zote.

Mwadime hakuigusa kahawa. Alisema kwa maneno machache. Koti, kiberiti, karatasi, jina. Hakujitetea. Hata ule woga wa kila mwezi hakuutaja.

Baba alikiweka kikombe chake chini. Nilihesabu vigae vya sakafu. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Athumani alijua?"

"Hakujua kitu. Sikuwahi hata kuzungumza naye."

Baba alijaribu kusimama, akashindwa. Nikamshika, akanisukuma. Akapiga kelele, na si kwa Mwadime. Aliita jina la ndugu yake. Mara mbili, tatu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Sijawahi kumsikia akilitamka tangu utoto wangu.

Alipotulia akamwambia Mwadime aende. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni Baba alipomwita tena.

"Mwadime. Hujaniomba radhi."

"Sikuona kama nina haki ya kuomba."

"Huna. Lakini omba."

Akaomba. Aliinama mpaka nikaona utosi wake. Baba hakusema amesamehe. Alisema, "Nimesikia."

Kahawa nimeimwaga. Nimelia jikoni kidogo, si sana. Nilitegemea nitasikia uchungu tu. Kuna kitu kingine pia, chepesi, sijakipatia jina.

Ijumaa, 17 Mei

Baba amesali, amekula, ameagiza namba ya Ami. Nimeipata kwa binti yake anayeuza nguo sokoni Taveta. Binamu yangu, na sauti yake siijui. Alipouliza mimi ni nani nilitaja jina langu, akanitajia tarakimu polepole, mara mbili, ili nisikosee.

Baba aliishika simu kwa mikono miwili. Nilitoka uani nikafunga mlango. Hayo hayakuwa yangu kusikiliza.

Alikaa nayo mpaka chaji ikaisha. Nilipoingia alikuwa ameipakata simu iliyokufa.

"Anasema twende," akaniambia. Ndiyo yote aliyonieleza.

Nimeuliza lini. Amesema kesho. Nimesema kesho haiwezekani, ana miadi ya macho Jumatano, gari lenyewe halijapatikana. Amenuna kama mtoto. Sijamwona Baba akinuna kwa kutaka kitu miaka mingi.

Jumamosi, 25 Mei

Leo Mghoi aliweka filamu ya ngumi, kuwatuliza akina Nyambu. Waliitazama wakipiga miayo. Dakika kumi baada ya kwisha walikuwa wamerudi kwa karani.

Mzee Mwadime alikuja. Aliniamkia yeye kwanza, nikaitikia. Mkono sikumpa. Sijamsamehe. Si kwa sasa. Lakini nilimsogezea kiti, na sikuhisi kwamba najilazimisha.

Nyambu akamgeukia. "Mzee, wewe ndiye pekee hujatoa maoni. Ile filamu ni nzuri au ni mbaya?"

Mzee alifikiri. "Filamu ni nzuri," akasema. "Mwisho ni mbaya."

Mghoi akanitazama. Nikanyoosha mkono, nikatangaza kwamba nimehamia upande wake. Vurugu! Nyambu alishika kichwa. "Bi Zuhura! Kumbe wewe ni jasusi wa pande mbili!" Ukumbi mzima ulicheka, na mzee alicheka, na mimi nilicheka.

Sasa wanataka kuandika mwisho mpya na kuuigiza wenyewe. Nyambu ameshadai pikipiki lazima iwemo.

Jumapili, 26 Mei

Chala. Tumefika saa nne. Mvua ilinyesha jana, ardhi ni nyekundu na laini, hewa inanukia majani.

Ami Athumani ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alikuwa amesimama njiani, pengine tangu asubuhi. Baba aliteremka bila kunisubiri. Walishikana mabega.

Ami akamshika mkono akampitisha shambani, mstari kwa mstari, akimweleza kila mgomba. Huu niliupanda mwaka fulani. Huu uliangushwa na upepo ukainuka wenyewe. Baba aligusa kila shina. Walichukua muda mrefu sana. Hakuna aliyewaharakisha.

Tumekula wali na kuku wa nazi. Binamu yangu kaja na watoto wake. Mdogo kabisa kanikalia mapajani bila kuuliza mimi ni nani.

Sasa ni alasiri. Naandika barazani. Baba amelala kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo. Ami ameketi kando yake na kipande cha gazeti, anamfukuzia nzi. Akichoka mkono mmoja anahamishia wa pili.

Gari limekuja kutuchukua. Nimemfanyia dereva ishara angoje.