Usiku Mmoja Katika Nyumba ya Mfano Namba Tatu

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO CHA POLISI TARIME
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Nikodemo Magige Kisyeri
Umri: Miaka 34
Kabila: Mkurya. Dini: Mkristo
Kazi: Kuonyesha nyumba za mfano katika mradi wa nyumba mpya
Makazi: Bomani, Tarime
Tarehe: 13 Julai 2012, saa 8:15 mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikukamatwa wala sikuitwa. Tarehe 7 Julai niliandikisha maelezo hapa hapa, nikasema kwamba mama Dorka Adhiambo aliteleza kwenye vigae vyenye maji akaanguka. Huo ulikuwa uongo. Naomba haya ya leo ndiyo yafuatwe.

Kazi yangu ni kutembeza wateja. Tangu dhahabu ya upande wa Nyamongo ianze kuwatoa watu, mji umejaa wenye maduara, yaani wenye mashimo ya kuchimbia, ambao juzi walikuwa wanakopa chumvi na leo wanachagua rangi ya vigae. Mradi wetu una nyumba tatu za mfano kwenye safu moja, ili mteja atoke hii aingie ile na alinganishe ramani kwa miguu yake. Namba moja ina vyumba viwili na jiko la nje. Namba mbili ina vyumba vitatu na sebule nyembamba. Namba tatu ina sebule pana, chumba kikubwa chenye bafu lake, na jiko la ndani. Nyuma yake, jirani na tangi la maji, kuna chumba cha mtu wa kazi, futi saba kwa nane. Dirisha lake mchoraji alilichora kama la stoo, kichwa cha mtu mzima hakipiti. Chumba hicho huwa simwonyeshi mteja mpaka aulize.

Mnamo tarehe 9 Juni 2012, Jumamosi, saa nne asubuhi, alikuja Oduol Orwa, mwenye duara, Mjaluo, miaka kama hamsini. Alikuwa na mke wake mdogo, Vivian, miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Migori, upande wa Kenya. Namba moja Vivian hakuimaliza. Alisema, "Jiko ya nje ni ya ushago, babe. Twende hiyo ingine." Ushago kwao ni kijijini. Namba tatu alizunguka mara mbili, akajilaza kwenye kitanda cha maonyesho na viatu vyake. Oduol alinunua nyumba hiyo hiyo ya mfano, kwa sababu hakutaka kungoja kujengewa. Alisaini siku ile ile.

Wakati Vivian anajipiga picha bafuni, Oduol alinivuta pembeni. Alisema, "Wiki ijayo namleta mama Obura, mke wangu wa kwanza. Mtembeze kama mnunuzi. Mwache achague. Usimwambie nimeshasaini." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Nyie Wakurya mna yenu, na sisi tuna yetu. Mjaluo hahamii boma jipya bila mikayi, mke mkubwa. Ndiye anakuja na moto, ndiye analala kwanza. Ukimruka, mali inakukimbia. Na yeye amegoma kutoka kijijini, eti hawezi kuacha kaburi la mtoto. Akiiona nyumba atalainika. Namtaka usiku mmoja tu."

Nikauliza, baada ya huo usiku mmoja atakaa wapi. Akacheka, akaonyesha kwa kidevu kile chumba cha nyuma. Na mimi nilicheka. Naomba afande aandike hivyo, kwamba na mimi nilicheka. Oduol alikuwa ameahidi kuniletea wenye maduara wenzake watatu, na mtu wa aina hiyo ukimnunia anakwenda kununua kwingine.

Tarehe 16 Juni, Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, alimleta mama Dorka, ndiye huyo mama Obura. Ni mama wa miaka arobaini na saba hivi, mrefu, amevaa gauni la kanisani na kandambili. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kabla ya kuingia popote aliokota kijiti akachora chini nyumba yake ya kijijini: mlango, mahali pa moto, kitanda, na pembeni kidogo kaburi la mtoto wake aliyefariki akiwa na miaka minne. Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, nataka kwanza nijue nahama kutoka wapi, ndio nijue naenda wapi." Nimetembeza wateja miaka mitatu, wengine wahandisi. Hakuna aliyewahi kulinganisha ramani vizuri kuliko yule mama.

Alipima kila nyumba kwa hatua. Namba mbili aliikataa mlangoni, akasema sebule ile mgeni akikaa magoti yake yatagusa ya mwenyeji. Namba tatu alisimama jikoni akauliza, "Mtu akibisha hodi mbele, mimi niko huku na sufuria, nitamsikiaje?" Aliyoipenda ni namba moja, kwa sababu ya jiko la nje na kwa sababu ukikaa mlangoni unaliona geti. Oduol akamwambia namba moja ni ya wapangaji. "Mke wangu wa kwanza hawezi kukaa kwenye nyumba ya wapangaji. Wewe nakupa namba tatu." Mama Dorka aliweka kiganja ukutani, akalia kidogo, akajifuta kwa ukosi wa gauni.

Yeye ndiye aliyeuliza habari ya chumba cha nyuma. Oduol akajibu, "Cha mtu wa kazi." Mama akasema, "Wa nini? Mikono ninayo." Oduol akasema mke wa tajiri lazima awe na mtu wa kazi. Basi mama akaingia, akajaribu kutoa kichwa dirishani, kikagoma. Aliniambia, "Atakayelala humu naye ni mtoto wa mtu. Mpanulieni dirisha." Nikatoa daftari nikaandika: namba tatu, nyuma, dirisha lipanuliwe. Oduol alikuwa nyuma yake akinikonyeza. Niliandika kwa herufi nzuri, na nilijua ninachofanya.

Tarehe 6 Julai, Ijumaa, saa kumi jioni, waliingia. Kila mmoja alibeba chake, kama mila yao ya kuhamia boma inavyotaka. Kijana wao mkubwa, Obura, alibeba shoka. Oduol alibeba jogoo. Mama Dorka alibeba chungu kilichovunjika shingo, ndani yake makaa ya moto aliyoyatoa kwenye nyumba yake ya zamani. Alikuwa ameyalinda garini njia nzima kwa majivu, na gauni lilikuwa limeungua mahali. Alipanga mawe matatu juu ya vigae vya jiko, akawasha. Kigae kimoja kilipasuka. Mimi nilikasirika kwa ajili ya kigae. Vivian hakuwepo. Obura alirudi zake chuoni Musoma jioni ile ile. Mzee na mama walilala humo.

Tarehe 7 Julai, Sabasaba, saa mbili asubuhi, Oduol alinipigia simu nilete ufunguo wa chumba cha nyuma. Nilifika nikakuta Canter imesimama uani, Vivian ameketi mbele kwa dereva, na wapagazi wanne wanashusha makochi. Mama Dorka alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akawakaribisha uji. Aliwaambia wapagazi washushe polepole. Alidhani makochi ni yake.

Chini ya makochi kulikuwa na mabati. Mama aliyatazama, akasogea, akagusa bati moja lenye kiraka cha lami. Akauliza kwa Kiswahili, nafikiri alitaka sote tusikie: "Oduol, hili si bati la kwangu?" Oduol akajibu, "Ulishahama. Nyumba ya nini tena kule? Nimetuma vijana waing'oe alfajiri hii." Kisha, mbele ya wapagazi, akamwambia atoe vitu vyake chumba kikubwa avipeleke nyuma, mwenye nyumba amefika. Vivian alishuka, akasema, "Mama, usijali, utakuwa unanishikia mtoto nikijifungua." Wapagazi wawili walicheka. Mmoja aliweka kochi chini akatoka nje ya geti, na hakurudi hata kuchukua ujira wake. Ningekuwa mtu, ningefanya kama yeye.

Mimi nilifungua chumba cha nyuma. Mama aliingia, akasimama katikati, akatazama juu. Aliniuliza, "Nyathina, dirisha hukupanua?" Nilijibu, "Bado, mama." Hakunitukana. Angenitukana ningelala usingizi.

Alirudi jikoni. Nilimfuata, na Oduol akaja nyuma yangu. Mama alichukua ndoo ya maji akaimimina yote juu ya ule moto, jiko zima likajaa moshi na majivu. Oduol alipiga kelele kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili, "Unaua boma! Unaua boma langu!" Mama akajibu, "Moto nilikuja nao mimi. Naondoka nao." Akainama kuokota makaa yaliyolowa na kuyarudisha kwenye chungu, moja moja, bila haraka. Lile shoka la Obura lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Oduol alilishika upande wa chuma, akampiga kwa mpini, usoni, mara mbili. Ya kwanza akiwa ameinama, ya pili akiwa ameinua uso kumtazama. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Mkononi nilikuwa na ufunguo. Sikumshika Oduol, sikupiga kelele.

Garini, tukimpeleka hospitali, Oduol aliniambia, "Vigae vilikuwa na maji. Aliteleza. Si umeona?" Nikasema nimeona. Ndivyo nilivyoandikisha hapa siku ile.

Nimeulizwa na afande kwa nini nimebadilisha. Jana tarehe 12 Julai, saa kumi jioni, nilikwenda wodini kumsalimia. Taya la mama limevunjika pande mbili, mdomo umefungwa kwa nyaya, anakunywa kwa mrija. Oduol alikuwa ameketi kitandani anamshikia kikombe cha uji. Wagonjwa wa jirani wanamsifu, wanasema mwanamume kama yule hajawahi kuonekana, anakuja asubuhi na jioni. Hawajui anachomwambia. Mimi nilisikia, kwa sababu aliponiona alihamia Kiswahili ili nimsaidie kubembeleza. Duara lake limejaa maji tangu Jumapili, na Vivian ameogopa kulala kwenye ile nyumba, amerudi kwao Migori. Oduol alisema, "Mwambie, Nikodemo. Usiku mmoja tu. Awashe tena, alale, basi. Nitampa hata hiyo namba moja aliyoitaka." Chungu alikuwa amekileta, kiko chini ya kitanda.

Mama alinitazama. Alitoa mkono chini ya shuka, akachora kwa kidole juu ya shuka hilo: mlango, mahali pa moto, kitanda, na pembeni kidogo, kaburi. Kisha akaifuta kwa kiganja. Niliondoka bila kuaga. Usiku ule sikulala, na leo nimekuja.

Wale wateja watatu hawakuja, na hata wangekuja nisingestahili. Nilimtembeza yule mama nyumba tatu nikijua hakuna hata moja aliyokuwa anapewa, na ya nne, iliyokuwa yake kijijini, kumbe ilikuwa inasubiri kung'olewa mabati. Naona aibu, na kuona aibu hakumsaidii. Niko tayari kusema haya mahakamani mbele ya Oduol mwenyewe.

Nimeeleza yote niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimekubali ndivyo nilivyosema, na hapa naweka sahihi yangu.

(Sahihi) N. M. Kisyeri

MAELEZO YA ASKARI: Mimi WP Koplo Regina Werema nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, akasaini mbele yangu saa 10:05 jioni. Shoka lenye mpini limechukuliwa kama kielelezo. Mtuhumiwa Oduol Orwa amekamatwa wodini saa 11:20 jioni bila vurugu. Alikutwa na ufunguo wa nyumba namba tatu. Kabla ya kupelekwa mahabusu aliomba mgonjwa aruhusiwe kwenda kulala nyumbani usiku mmoja, yeye atalipia gari. Mgonjwa aliulizwa kwa Kijaluo kupitia muuguzi kama anataka kwenda. Alitikisa kichwa kukataa. Aliulizwa akitoka hospitali anataka kupelekwa wapi, akapewa karatasi na kalamu kwa kuwa hawezi kusema. Karatasi ameirudisha tupu.