Majina Uliyoyatafuta, Baba Chuang

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache. Mvua za mwezi wa tano zimerudi hapa Tainan, kusini mwa Taiwan, nguo hazikauki, na Mama bado anamenya matunda ya watu wawili.

Chuoni walikuita Profesa Chuang Wen-pin. Kwetu ulikuwa mzee wa soksi zisizofanana, mwenye kuimba bafuni bila kujua maneno, mwenye kumsubiri kila mtu amalize sentensi yake, hata mtoto anayedanganya.

Kazi yako ilikuwa watu walionyang'anywa usemi na kiharusi. Ulitunga mazoezi ya picha, na vipimo vya chuoni vikaonyesha kwamba yanafaa. Ukayapeleka mwenyewe hospitalini, kwenye wodi ya utengemao, wanakojifunza upya waliopooza, ukakutana na Bibi Tsai, muuza uji wa samaki sokoni. Alijitahidi sana. Siku moja bintiye akakujia, mikono kiunoni.

"Profesa, mama sasa anasema 'twiga'. Nashukuru. Ila wateja wanataka uji. Huyo twiga nimpikie nani?"

Ulicheka. Jioni hukugusa chakula. Mama alipokuuliza kulikoni, ulimjibu, "Su-chu, vipimo vyangu ni vya kweli, na yule mama bado hawezi kuuza uji. Sasa nifanyeje?"

Ukaamua utafiti uhamie sokoni. Wenzako chuoni walilalamika kwamba kelele zitaharibu vipimo. Wahudumu wa wodi nao walikuwa wamechoshwa na watafiti: "Mnakuja, mnachukua, mnaondoka." Kule ukaonekana umepotoka, huku ukaonekana mgeni. Hukugombana na mtu. Uliwanunulia maandazi ya mvuke, ukawakalisha meza moja, ukawaambia, "Mgonjwa ni mmoja. Tusimgawane."

Pei-shan, mtaalamu wa tiba ya usemi wa wodi ile, alikuwa wa kwanza kukuunga mkono. Mkachagua maneno pamoja na Bibi Tsai mwenyewe, mkayafanyia mazoezi mbele ya sufuria yake, mkapima papo hapo, kelele na yote.

Hata ikafika asubuhi aliyokuinulia kijiko akasema, "Tangawizi?"

Wewe uliyeichukia tangawizi tangu utotoni ukajibu, "Tia, mama, tia nyingi!" Ukamaliza bakuli zima, machozi yakikutoka. Ulidai ni ukali wake.

Kisha kiharusi kikakupata wewe, jikoni, ukiosha vikombe.

Pei-shan ndiye aliyekuhudumia. "Mwalimu, tuanze na maneno gani? Chagua mwenyewe." Ukazisukuma picha kando, ukatuonyesha sisi kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Ulitaka majina yetu.

Yaligoma. Ulimkazia Mama macho, midomo ikahangaika, likatoka "chai". Ukalia. Mwanao Po-han akasema, "Basi Baba, Mama ni Chai, mimi Chai, sote ukoo wa Chai. Tumekubali!" Ukacheka hadi ukapaliwa. Kesho yake ukaanza upya.

Pei-shan alitaka rekodi za mazoezi hayo zisiingie kwenye utafiti. "Sipendi watu wamwone Mwalimu hivi," alituambia. Ukamshika mkono, ukatikisa kichwa kumkatalia. Tulikuelewa. Watakaougua baadaye wanastahili kujua pia tiba ilikwama wapi. Zimo zote, Baba. Zimeonyesha kwamba njia iliyomrudishia Bibi Tsai tangawizi haikutosha kurudisha jina la mtu. Pei-shan na wenzako wa chuoni wanatafuta njia nyingine sasa, wodini mle mle, meza moja.

Lakini sisi tulitaka wewe upone, si wengine tu. Hilo hatulifichi.

Kiharusi cha pili hakikungoja. Asubuhi ile ulikuwa umeshika mkono wa Mama, midomo bado inatafuta. Tuliinama sote, karibu kabisa, tukisikiliza. Hakikutoka kitu.

Leo tunakutajia majina hayo wenyewe. Ni mkeo Su-chu. Ni binti yako Ying-ju, mwanao Po-han na mkwe wako Hui-ling. Na yuko mmoja ambaye hukupata hata kumtafutia jina, mjukuu wako Kuan-yi, aliyezaliwa majira ya baridi. Ana masikio yako.

Pumzika, Baba, usihangaike tena. Maadamu tunaitana kwa majina haya, tutakukumbuka.