Makundi ya Nyota Yaliyochukuliwa kwa Majirani

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, na shangazi hajambo. Mapazia ya sebuleni tumebadilisha, na paka kazaa tena ndani ya kabati la viatu.

Kazini wamenipa makundi ya nyota. Usicheke! Galaksi yetu ni kubwa, na baadhi ya makundi yake hayakuzaliwa humu. Iliyavuta kutoka kwa galaksi ndogo za jirani. Kazi yangu ni kuyatambua hayo ya kuchukuliwa, na mengine hujulikana kwa sababu yanazunguka kinyume na wenyeji. Yanazunguka kinyume, mama, lakini hayatoki.

Bado nakamua matambara kwa mkono wa kushoto, kama wewe. Shangazi huwaambia wageni, "Huyu ni wangu, nimemlea mwenyewe." Nikitaja kuja kukuona, anasema, "Kwani hapa umekosa nini?" Dereva wake hunipeleka kazini na kunirudisha. Barua hii nampa mfagiaji wa ofisini aipeleke posta, maana za nyumbani husomwa kwanza.

Sasa nisikilize. Jumapili wifi yako anakuja huko. Atakuambia nimezidiwa na upweke, kwa hiyo umpe mdogo wangu aje tukae wote. Mimi sijasema hivyo. Zawadi zake pokea, chai mpe, cheka naye. Mtoto usimtoe.

Na akija na mimi, nikakaa kando yake nikitabasamu, nikakuomba kwa mdomo wangu mwenyewe, ninyime.

Mwanao, bado wako