Jina la Baba Mkwe

Tanga, 6 Machi 1936

Kwa mpenzi Baba yangu, Mwalimu Salumu bin Mwinshehe, Mlingotini.

Shikamoo Baba. Natumaini wewe na Mama mu wazima. Mimi kifua kimepoa, na kazi ya kupakia mkonge gatini bado ninayo.

Baba, juzi alfajiri Mwaija amejifungua mtoto wa kiume. Ana afya, na kilio chake majirani wote wamekwisha kukijua. Najua umeshamwita somo wako, mwenye jina lako, kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Lakini nina ombi, nawe usikasirike.

Wale wawili tuliowazika tuliwapa jina lako, Salumu, kama ulivyotaka. Mwaija, kwa kukustahi wewe mkwe wake, hakuwahi kulitaja. Wa kwanza alimwita "Bwana," na wa pili "Bwana" vilevile. Sasa ananiambia, "Nimezika wanangu wawili, na hata mmoja sikupata kumwita kwa jina lake." Huyu anataka aitwe Majaliwa, kwa kuwa ndiye tuliyejaliwa na Mungu. Kama hutaki, basi mpe ruhusa alitaje jina lako akimwita mwanawe. Neno lako moja linatosha. Akika, karamu ya kumpa jina, tumeisogeza hadi siku ya kumi na nne, tupate jibu lako kwanza.

Mwanao mtiifu,
Muhidini


Mlingotini, 11 Machi 1936

Mwanangu Muhidini,

Marahaba. Sijambo, ila mgongo. Mama yako amelia kwa furaha hadi chai yangu ikapoa.

Ama hilo ombi lako limenikera. Salumu ni jina la usalama. Mzazi akimwita mwanawe hivyo, amemwombea dua kila anapofungua kinywa. Ndiyo maana pwani hii limejaa. Simama sokoni Bagamoyo uite "Salumu!" uone wauza samaki watakavyogeuka. Hapa chuoni kwangu, kwa watoto wa Kurani, ninao watano: Salumu Mrefu, Salumu wa Mize, Salumu Kikohozi, na wawili wanaofanana kama mapacha, nawachanganya hadi leo. Wazazi wote hao hawana akili, ila mkeo tu? Babu yangu alikuwa Salumu, mimi ni Salumu, na baada yangu awe nani? Majaliwa ni jina la mtu aliyekata tamaa.

Ruhusa sitoi. Mama yako aliishi nyumba moja na marehemu baba yangu, na jina lake hajalitia kinywani hadi leo, ingawa yumo kaburini. Jina langu halitaitwa jikoni pamoja na kuku. Ukimpa mwana jina jingine, usiniandikie tena "Baba."

Wale wawili ni amri ya Mungu. Tusimdai.

Baba yako,
Salumu bin Mwinshehe


Tanga, 20 Machi 1936

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sote tu wazima.

Mtoto ni Salumu. Tumechinja mbuzi, dua imesomwa, na jina limetajwa na kila mtu uani isipokuwa mama yake. Alipakua pilau, akasindikiza wageni, akaosha masufuria. Mimi nilifurahi, Baba, kwa kuwa nilijua wewe utafurahi.

Mwanao mtiifu,
Muhidini


Mlingotini, 3 Mei 1936

Kwa Baba Salumu, Tanga.

Nimekuita hivyo makusudi, nilisikie mwenyewe linavyopendeza. Marahaba, na afya tunayo. Msikiti mzima unajua nina somo Tanga, na wanaonikimbia wakiniona ni wale niliokwisha kuwaambia mara mbili.

Nakuletea kofia ya mtoto niliyoidarizi kwa mkono wangu. Mama yako anacheka kuwa ni kubwa mno. Na aikulie. Mwambie mkeo amelelewa vizuri.

Baba yako,
Salumu bin Mwinshehe


Tanga, 9 Septemba 1938

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Huku si kwema.

Tangu mtoto azaliwe, Mwaija humwita kwa kupiga makofi. "Bwana" hakulitumia tena, anasema neno hilo ameliacha makaburini. Majirani walidhani mtoto ni kiziwi. Mimi nilizoea, na hilo ndilo linalonitia uchungu.

Ijumaa iliyopita mtoto alipotea sokoni. Mama yake alizunguka akilia, hawezi kumtaja. Wanawake wakamsaidia kupaza sauti, "Salumu! Salumu!" Wakaitika wanaume wanne, muuza mkaa, na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Mwanangu hakuitika, naye alikuwa karibu tu, nyuma ya magunia ya ndizi. Jina hilo kwake ni kelele za watu. Mwaija alipopiga makofi, ndipo akatoka.

Jioni alifunga mizigo. Nilimwambia angoje nikuandikie tena. Akasema, "Mwandikie. Mimi nakwenda kwa mama yangu Mbegani." Amekwenda na mtoto. Baba, toka Mlingotini kwako hadi Mbegani ni mwendo mfupi. Nakushika miguu yako yote miwili, nenda ukamwambie kuwa umemruhusu. Atarudi.

Mwanao,
Muhidini


Mlingotini, 17 Septemba 1938

Muhidini,

Marahaba. Mimi niende kwa mkamwana wangu kuomba radhi kwa sababu ya jina langu mwenyewe? Mwanamke anayefunga mizigo leo kwa ajili ya jina, kesho atafunga kwa ajili ya chumvi. Mwandikie talaka yake. Mtoto akikua atarudi ubavuni kwa baba yake, nami nitamngoja.

Baba yako,
Salumu bin Mwinshehe


Mlingotini, 2 Februari 1941

Mwanangu Muhidini,

Salamu nyingi. Hali yangu ni ya kuamka na kulala. Tangu tulipomzika mama yako, nawe ukaondoka bila hata kula, nimekuandikia na hukujibu. Hii naomba uisome.

Juzi nilikwenda Mbegani kwenye hitima ya marehemu Bibi Mwanabaraka, rafiki wa mama yako. Nimekaa barazani, akapita mtoto, amevaa kofia yangu. Inamkaa sawasawa. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikaita mbele za watu, "Salumu! Somo wangu!" Hakugeuka. Nikaita tena. Akatazama nyuma yake, amuone huyo ninayemwita. Kisha mama yake akaita toka uani, "Majaliwa, njoo ule!" Akaruka kama amechomwa mwiba. Watu waliinamisha nyuso, na mimi uji wangu sikuumaliza.

Muhidini, nyumba hii haina sauti. Mwambie Mwaija namruhusu. Alitaje atakavyo, kisimani, jikoni, pamoja na kuku. Mrudie mkeo. Ila mtoto arudishiwe jina, nilisikie likiitwa mlangoni kwangu kabla sijafa. Nakuomba.

Baba yako akupendaye,
Salumu


Tanga, 20 Februari 1941

Kwa Mwalimu Salumu bin Mwinshehe, Mlingotini.

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako imefika. Ruhusa hiyo niliiomba mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa haikugharimu kitu.

Talaka uliyoniamuru nilimwandikia, na Mwaija ameolewa hapo hapo Mbegani. Nilikwenda Idi ya kuchinja kumwona mtoto, na Mlingotini sikupita. Ruhusa yako haihitaji. Wewe si mkwe wake tena, kwa hiyo jina lako analitaja. Aliniuliza, "Mzee Salumu hajambo?" akiendelea kukuna nazi. Nilimngojea miaka mingi alitamke neno hilo, na alipolitamka nikatamani kuziba masikio.

Mtoto nilimwita Majaliwa. Nilikuwa naogopa, lakini alikuja mbio na kunikumbatia magoti. Sitamwondolea jina analoliitikia. Salumu wa nyumba yetu umebaki wewe, na mwingine sitakuzalia.

Uliniandikia zamani kwamba nikimpa mwana jina jingine nisikuandikie tena neno lile. Jina hilo alipewa na mama yake, si mimi. Lakini nimeliridhia.

Wasalaam,
Baba Majaliwa