Fremu Mbili na Mto wa Keria

Mama Nelly mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo kabla mwezi huu haujaisha, maana mwanao nimefika mahali hata wali hauniingii vizuri, na mimi si mtu wa kukataa wali. Naitwa Mayala, naendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Kambarage, nina mke mmoja, Mariana, fundi cherehani, na mtoto mmoja, Limi, na jambo lenyewe ni la baiskeli lakini naomba usicheke, usome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa mbio. Mwaka jana katika mbio za kwenda Kahama nilishika nafasi ya nne, na ningeshika ya tatu kama fremu yangu isingeanza kulia njiani kama mlango mbovu, na kweli haikupita muda ikakatika kwenye maungio, fundi Bujiku akaichomelea, ikakatika tena. Magurudumu, gia na breki ninavyo, nimevikusanya kidogo kidogo kwa miaka mitatu, kinachokosekana ni fremu tu. Sasa fremu zimepatikana mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya alumini, ya daraja la kati, foki yake ya mbele ni kaboni, iko dukani Kahama, mpya kabisa, na walikuwa na nyingine ya saizi hiyohiyo iliyokwishafungwa magurudumu na kila kitu, nikaijaribu, ikanikaa vizuri, na fedha yake ninayo. Ya pili ni kaboni tupu, daraja la juu kabisa, ya dalali mmoja wa dhahabu wa Geita anaitwa Sostenes, aliiagiza kutoka nje, akaipanda mara mbili, mara ya pili akadondoka nayo, mke wake akamwambia basi. Mama Nelly, fremu ile unainyanyua kwa vidole viwili! Ni nyeusi, inang'aa, ukiigusa unajiona umeshafika Kahama. Kwangu ni ndefu kidogo, lakini Sostenes anasema mwili unazoea.

Shida ni kwamba ya Sostenes siifikii mpaka niuze Phoenix yangu ya keria, ile baiskeli ya nyumbani, na mnunuzi nimeshampata, Luka, mkulima wa tumbaku wa kule Ushetu, anakuja kuichukua mwisho wa mwezi. Na kibaya zaidi nimeshajitangaza kijiweni, wenzangu hawaniiti Mayala tena, wananiita Kaboni, na mimi naitika.

Kinachoniumiza ni Mariana. Phoenix hiyo ndiyo niliyomchumbia nayo, na mpaka leo kila Jumapili nambeba kwenye keria kwenda kanisani, Limi amekaa mbele kwenye bomba. Mimi nilimwambia tu kwamba nabadilisha baiskeli, nanunua nzuri zaidi, sikumwambia kuwa baiskeli ya mbio haina keria wala haifungwi keria, nikasema moyoni atajua baadaye. Wiki iliyofuata nikamkuta cherehanini anashona mto wa keria, mto mnene wa kitenge cha maua, ameujaza sponji, na mimi nikajua papo hapo kwamba anajiandaa kwa baiskeli mpya, roho ikaniuma sana. Akaniambia, "Baba Limi, hebu ukalie uone kama unakutosha." Nikaukalia, nikamwambia unanitosha, nikatoka nje kwa aibu.

Tangu siku hiyo haachi kuniuliza, "Hii ya zamani utampa nani?" Mara tatu ameuliza, na mara tatu nimejibu tutaona. Tena siku hizi analalamika kwamba nguo za wateja wake wa Ndala zinachelewa kwa sababu lazima anisubiri nitoke mashineni nimpeleke. Na kama vile hayo hayatoshi, kuna mtu anachezea Phoenix yangu nikiwa kazini, maana mashine iko karibu, naenda kwa miguu, nikirudi nakuta siti imeshushwa, imetokea mara mbili, nikamgombeza jirani yangu Januari mpaka sasa hatusalimiani, na wiki hiyohiyo Mariana akaanguka, anasema aliteleza mlangoni, goti lote limechubuka, na kitenge chake kimechafuka grisi sijui ya wapi. Mtoto wa watu anaandamwa na mikosi kila upande, halafu mimi mume wake namnyang'anya na keria!

Mama, nichukue fremu ipi? Nikichukua ya juu nitashinda lakini mke wangu atakwenda kanisani kwa miguu, na nikichukua ya kati kijiwe kitanicheka mpaka nizeeke. Wabeja sana, asante, na unisamehe kwa barua ndefu.

Mayala (Kaboni), Kambarage, Shinyanga

*

Marahaba, Mayala.

Uliniomba nisicheke. Nimecheka mpaka mhariri wa gazeti akatoka chumbani kwake kuuliza kuna msiba au harusi. Lakini nimekupenda pia, maana wanaume wanaotoka nje kwa aibu kwa sababu ya mto wa keria si wengi. Kwa hiyo kaa chini nikugombeze vizuri.

Tuanze na fremu. Mimi baiskeli naijua ya kwendea sokoni tu, ndiyo maana nilimsomea barua yako mzee mmoja hapa mjini aliyeshindana miaka mingi na sasa ana kibanda cha kutengeneza baiskeli. Sikumtajia jina lako. Alinisikiliza mpaka nilipofika pale "mara ya pili akadondoka nayo", akanikatisha. "Mama, mwambie huyo kijana aachane nayo. Chuma kikitaka kukatika kinalia kwanza. Kaboni iliyopigwa chini inaweza kuwa na ufa ndani usiouona, unakanyaga pedeli mteremkoni unashtukia uko kwenye lami." Nikamuuliza kuhusu ule urefu. Akasema fremu ndefu itakumaliza mgongo kabla hujafika Tinde, na kwamba wanaoshinda wanashinda kwa fremu inayowatosha.

Unaona? Sostenes anakwambia mwili unazoea kwa sababu anauza. Wewe ulishaacha kurefuka, Mayala. Na ule uzito unaoukimbia kwa vidole viwili, mzee anasema tofauti ya fremu hizo haifiki hata kilo moja. Acha sahani ya pili ya wali mpaka siku ya mbio, utakuwa umeipunguza yote bila kumpa dalali chochote.

Hilo limekwisha. Sasa njoo kwa mkeo, maana hapo ndipo uliponichosha.

Siti ya baiskeli haijishushi yenyewe. Wewe mwenyewe umeandika haya kwa mkono wako: siti imeshuka, goti limechubuka, kitenge kina grisi, na yote ni wiki moja! Januari ana shida gani na siti yako? Hapo nyumbani kwenu nani mfupi kuliko wewe na mikono yake inafika kwenye Phoenix ukiwa kazini? Si Limi. Mkeo anajifunza kuendesha baiskeli, baba, na wewe unamwonea huruma kwa mikosi.

Amekuuliza mara tatu ya zamani utampa nani. Mtu haulizi kitu mara tatu kwa kupitisha muda. Amekulalamikia kwamba nguo za Ndala zinachelewa kwa kukusubiri wewe. Hapo ulitaka aseme nini zaidi, akuandikie barua? Wewe unalia kwamba unamnyang'anya keria. Mariana hataki keria. Anataka usukani wa Phoenix hiyohiyo unayotaka kumpa mkulima wa Ushetu, ili apeleke kazi zake mwenyewe, saa anayotaka yeye. Na mto huo hakuushonea baiskeli mpya hata kidogo.

Kosa lako si la kupenda mbio. Umembeba mwanamke nyuma yako tangu uchumba, na ukazoea kwamba hapo ndipo mahali pake, ukasahau kugeuka umuulize anatazama nini. Nitakwambia na hili bila kuficha: lingenisikitisha sana kama Luka angefika akaondoka na baiskeli hiyo, Mariana amesimama mlangoni anaangalia, na wewe unadhani analilia kubebwa.

Haya, nisikilize. Leo hii mpigie Luka simu, umwambie Phoenix haiuzwi, na umwombe radhi kwa kumsumbua. Kesho asubuhi nenda kwa Januari na kilo mbili za mchele, useme "nilikosea", usitafute maneno mengine. Jumamosi panda basi na Mariana mwende Kahama pamoja, ukachukue fremu ya alumini, na mkiwa njiani umweleze yote: Sostenes, Luka, na jinsi ulivyomficha. Atakununia mpaka Isaka, halafu ataanza kucheka kama mimi. Mkirudi, Bujiku aishushe siti ya Phoenix na akaze breki, na kuanzia siku hiyo baiskeli hiyo ni ya Mariana, si yako tena. Ukiihitaji, omba.

Kijiweni waache waendelee kukuita Kaboni. Foki yako ya mbele si ya kaboni? Basi itika, halafu mwezi wa mbio ukifika waoneshe mgongo.

Limebaki la mto. Fundi cherehani hapimi nguo kwa mtu ambaye hataivaa, Mayala. Siku anakwambia uukalie, alikuwa anachukua kipimo. Jumapili ijayo mwache Mariana ashike usukani, Limi akae mbele kwenye bomba kama kawaida, nawe panda nyuma kwenye keria, utulie, mwende kanisani.

Si ulimwambia mwenyewe unakutosha?