Futi Inayoanzia Mbili

Jumanne, 3 Machi

Nimejiandikisha! Darasa la ushonaji kwa watu wazima, ukumbi ulio nyuma ya maktaba, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni. Miaka arobaini na sita, na nimebeba daftari jipya na penseli iliyochongwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyumbani nimesema naenda mazoezi ya viungo. Mume wangu akaniangalia tumbo, akasema ni wazo zuri sana. Hilo nimeliweka moyoni.

Cherehani sita, moja mbovu, imewekewa chombo cha maua juu. Wanafunzi tisa. Mwalimu ni mama mfupi aliyeshona sare za shule kiwandani miaka thelathini. Anaongea huku pini zimejaa mdomoni na hajawahi kumeza hata moja. Mpaka leo.

Niandike kwa nini niko huko, nisije nikajidanganya baadaye. Ni Mama, mama mkwe wangu. Fundi wa kweli, amevalisha nusu ya mtaa huu. Cherehani yake iko chumbani kwake, kifuniko kimefungwa kwa ufunguo, ufunguo uko shingoni mwake. Mwaka wa nne huu hajaigusa — anasema mashine imechoka. Macho yake nayo yamefifia, anaona umbo la mtu lakini uso hauoni. Niliwahi kumwomba anifundishe. Akasema, mbele ya wifi zangu wote wawili, kwamba mkono wangu ni wa kushika simu tu. Ni kweli nashika simu, niko mapokezi kwenye kliniki ya meno. Lakini jamani!

Tarehe 29 anatimiza sabini. Nitamshonea gauni. Nataka alipapase, aseme fundi huyu anajua kazi, ndipo nimwambie fundi ni nani. Sitaki kingine duniani.

Alhamisi, 5 Machi

Nimejishona. Mkono wa blauzi yangu pamoja na kitambaa cha mazoezi! Nikainuka kwenda kuchukua chaki, kitambaa kikanifuata, na cherehani nayo ikataka kuja. Dereva alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Dereva ni dereva wa lori, jitu kubwa kama kabati la nguo. Yuko muhula wa pili, anashona mapazia ya kitanda chake cha ndani ya lori. Manjano, manjano ya kuumiza macho. Vidole vinene ajabu — na matundu yake ya vifungo ni safi kuliko ya mtu yeyote pale. Inaudhi.

Futi ya kupimia ni moja tu darasa zima, na imekatika mwanzo. Inaanzia mbili. Dereva ndiye aliyeikata muhula uliopita, pamoja na kitambaa, mkasi mmoja tu, wala hakuona. Kwa hiyo ukipima kitu unasoma namba, halafu unatoa inchi mbili. Mtu akiinua futi tu, darasa zima linapiga kelele: Toa mbili! Leo Mwalimu kaniuliza umri wangu ajaze fomu, nikamjibu, na sauti nane nyuma yangu zikasema: Toa mbili! Nimewapenda hawa watu.

Jumanne, 10 Machi

Nusura niumbuke. Nimerudi kutoka "mazoezini", nikainama kumwamkia Mama, akanipitisha mkono begani akatoa kipande cha uzi. Akakisokota katikati ya vidole. Halafu akauliza: kwani siku hizi meno mnayashona?

Nikasema, eeh Mama, mambo yamebadilika sana. Nikakimbilia jikoni nikaziba mdomo kwa taulo.

Kitu kingine cha leo. Mwalimu, fundi yule wa miaka thelathini, haoni tena tundu la sindano. Anachofanya ni kuinua mkono tu na kusema, jamani macho, na aliye karibu anamtilia uzi. Haoni aibu hata kidogo, anaendelea na stori yake. Leo nilimtilia mimi. Njiani nikawa namfikiria Mama na ile mashine yake iliyochoka. Miaka minne. Sijawahi kumsikia Mama akimwomba mtu kitu, hata chumvi. Huinuka akaifuata mwenyewe.

Jumamosi, 14 Machi

Siku ya vipimo! Urefu na mabega nimeshavipata: niliiba gauni lake la zamani kwenye kamba, nikalipima darasani, nikalirudisha likiwa bado na unyevu. Lakini upana hauwezi kutoka kwenye lile gauni, tangu augue mwaka juzi linamning'inia. Na Mwalimu amesema gauni la kushuka moja kwa moja kama hili, kifua ndicho kila kitu. Nipime kifua chenyewe. Vipi sasa, mtu hajui kama anapimwa?

Kwa kumkumbatia. Na uzi mkononi.

Kumbatio la kwanza, uzi ukaanguka. La pili, nikaupitisha mgongoni lakini ukashika na kanga aliyojifunga. La tatu, nilipata! Nikaukutanisha mbele, nikabana kwa kucha, nikafunga fundo palepale huku nimeegemeza kichwa kwenye bega lake. Mama kasimama wima kama mlingoti. Akaniuliza polepole: umefukuzwa kazi? Nikasema hapana Mama, nimekupenda tu. Akasema, basi pendea mbali kidogo.

Mume wangu kanivuta pembeni, anataka kujua kama kuna ugonjwa namficha.

Sikuweza kungoja mpaka Jumanne. Futi ya Mama iko kwenye droo ya jikoni, nzima, namba zake zinasomeka zote. Nikanyoosha uzi: thelathini na nane. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri kabisa: kifua 36. Tayari!

Jumanne, 17 Machi

Nimekata. Kitambaa cha buluu, laini, kizuri mno. Nilisimama na mkasi dakika kumi. Dereva akasema, mama, lori halijifunzwi likiwa limezimwa. Nikakata! Mlio wa mkasi kwenye kitambaa kipya — hivi kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia?

Alhamisi, 19 Machi

Mikono miwili imekaa! Na mmoja ni wa kulia, mwingine wa kushoto! Si wote waliofanikiwa hapa. Simtaji mtu, ila anaendesha lori.

Alhamisi, 26 Machi

Nimekwisha. Nimekwisha, na mbavu zinaniuma kwa kucheka, sijui niandike lipi kwanza.

Gauni lilikuwa limekamilika. Pindo, kola, vifungo vitano (matundu nilishona mwenyewe, Dereva aliyakagua kama askari wa usalama barabarani). Mwalimu akauliza, uzi wa kifua bado ninao? Ninao, nimeutunza kwenye pochi. Akasema tuuzungushe ndani ya gauni tuone. Tukauzungusha. Ukalingana na gauni sawasawa! Hata kidole hakipiti! Nikapiga vigelegele.

Mwalimu hakupiga. Akatoa pini mdomoni, zote, akaziweka mezani moja moja. Hatujawahi kumwona akifanya hivyo. Akasema: nafasi ya kupumua tuliongeza inchi mbili. Sasa mama wa watu pumzi ataiweka wapi?

Daftari likafunguliwa. Kifua 36. Mwalimu akaupima uzi, akatoa mbili, ikaja 38. Akapima tena, 38. Ndipo Dereva akauliza kwa upole: kule nyumbani ulipimia futi gani?

Futi nzima. Nilipimia futi nzima, na nikatoa mbili.

Watu walilala juu ya meza. Mwalimu alilia machozi. Nami nikacheka, nikacheka, halafu nikagundua kuwa sicheki tena, nalia hasa, kwa sababu zimebaki siku tatu, kitambaa cha buluu kimekwisha, na nilikuwa nausikia mdomo wa Mama ukisema: mkono wa kushika simu. Mmoja akaniletea maji.

Dereva akainuka, akaenda kwenye mfuko wake, akarudi na lile pazia la manjano. Akalitandaza mbele yangu. Akasema lori lake limelala bila mapazia miaka kumi na moja, haliwezi kufa sasa.

Ijumaa, 27 Machi

Leo si siku ya darasa, lakini Mwalimu katufungulia ukumbi. Nimefumua ubavu wote wa kulia na wote wa kushoto, kutoka kwapani mpaka chini. Nimeingiza utepe wa manjano kila upande. Dereva anashika, mimi nakanyaga, Mwalimu anasema polepole, polepole, POLEPOLE!

Nikalitundika. Tukarudi nyuma hatua tatu.

Ni zuri! Ni zuri kuliko lilivyokuwa! Ukitembea ile manjano inatokea na kupotea. Mwalimu anasema tuseme lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nimekubali. Nitakula kiapo.

Jumapili, 29 Machi, saa nane mchana

Naandika jikoni, nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo. Mwandiko huu sijui kama nitausoma kesho.

Baada ya chakula nilimwekea mapajani. Nikasema ni zawadi yetu, mimi na mwanao. Mume wangu, ambaye nilimweleza yote asubuhi hii, akajikohoza tu. Wifi zangu wakasema aah, la wapi hili?

Mama hakulitazama. Alifumba macho kabisa, vidole vikaanza safari. Pindo. Akarudi, akalipitia tena pindo. Kola. Tundu la kifungo la kwanza, akaingiza ncha ya kidole cha mwisho. La pili. La tatu. Kichwa kikatikisika kidogo. Nilikuwa sipumui, kana kwamba mimi ndiye niliyevaa gauni la inchi pungufu.

Halafu akafika ubavuni. Vidole vikasimama.

Akapapasa utepe mpaka chini, akapanda nao mpaka kwapani. Akageuza gauni ndani nje, akapapasa tena. Akasema: hapa palibana. Mtu akafumua, akapanua.

Manjano yenyewe haioni! Amejua kwa vidole! Kiapo changu chote kikaniyeyukia mdomoni. Akauliza, nani huyu? Wifi wakatazamana. Mume wangu akatazama dari. Nikasema: ni mimi, Mama.

Akainuka na gauni lake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hiyo ni dakika ishirini na tano zilizopita. Wifi mkubwa anasema ameudhika. Mume wangu anasema subiri. Nimeosha sahani zilezile mara mbili.

Saa nane na nusu

Kuna sauti. Ufunguo. Si wa mlango — ni mdogo kuliko wa mlango. Kifuniko kimewekwa sakafuni, nimekisikia. Kiti kinavutwa. Kanyagio limelia mara moja, kavu.

Sasa kimya. Najua anachofanya. Nakijua hicho kimya cha mtu na tundu la sindano, niko nacho kila Jumanne na Alhamisi. Wote tumesimama kwenye korido kama wezi, mume wangu kanishika mkono.

Kimya bado.

Ananiita! Si wifi, si mwanawe. Amesema, mke wa mwanangu, njoo. Njoo na macho yako.

Mlango haujafungwa kwa ufunguo. Nakwenda — mikono bado ina sabuni —