Kopo Lenye Kifuniko

Jumatatu, 3 Machi

Nimeaibika leo. Wazee wanane kwenye benchi, nikawasomea karatasi yote: MRI ni sumaku kubwa, haitaki chuma, vueni kila kitu. Nani ana meno ya bandia? Inueni mikono! Hakuna aliyeinua. Mmeelewa? Tumeelewa, nesi! Haya. Fundi wa mashine kawarudisha watatu. Mmoja alikuwa na funguo kiunoni.

Na mama mkwe wangu, wa nne, kafika mlangoni, kageuka, kaenda zake. Mara ya pili hii! Ameanguka mara mbili mwezi huu, na daktari hana la kufanya bila picha ya kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu kamuuliza mama yake kama anaogopa. Kasema hajawahi kuogopa mtu, sembuse bomba la mashine. Mimi siwezi kumbana, mkwe ni mkwe. Nikamletea chai. Mkate kautafuna upande mmoja. Alipocheka kafunika mdomo. Miaka kumi na tisa namwona akifunika, nikadhani ni adabu tu.

Jamani! Na mimi nilivyobwata mbele ya watu: inueni mikono!

Ijumaa, 7 Machi

Karatasi nimeitupa. Nimeomba pazia kuukuu la wodini na makopo madogo yenye vifuniko. Mzee anaingia peke yake, anavua anachokijua mwenyewe, anafunga kifuniko. Hakuna wa kuchungulia. Fundi anampitishia kile kifaa cha kutafuta chuma, basi. Kisha mzee mwenyewe ndiye ananieleza mimi: mashine itagonga kama watu wanapigilia bati, nisitikisike, nikizidiwa nibonyeze mpira huu kumwita Fundi. Mwalimu mmoja mstaafu kanifokea: hukusikiliza wewe, rudia! Nimecheka hadi machozi.

Wazee tisa. Hakuna aliyerudishwa. Hata mmoja!

Jumatano, 12 Machi

Wazee ishirini na sita sasa! Fundi ananiita Profesa, nami naitika.

Jioni nikamsimulia mama mkwe huku nakunja nguo, kama umbea tu wa kazini. Pazia. Makopo. Nguo zilipokwisha ndipo akauliza: hilo pazia, linafika chini? Linafika, mama.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hapa hapa, benchi la nje. Amekuja! Kavaa kama anakwenda harusini.

Kaingia nyuma ya pazia. Kakaa humo mpaka Fundi akaanza kutazama saa. Kisha mkono ukatoka pembeni, na kopo, kifuniko kimekazwa kwelikweli. Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Shika, mwanangu. Usimpe mtu."

Mwanangu! Miaka yote hiyo nilikuwa mke wa mwanawe. Kifaa cha Fundi hakikulia. Ameingia.

Mashine inagonga sasa, benchi zima linatetemeka. Mume wangu, aliyemleta, anauliza koponi mna nini. Hereni, nimemjibu. Hereni gani, mama havai hereni! Nimemwambia anyamaze.

Dakika kumi na mbili. Mpira haujabonyezwa. Kopo liko mapajani mwangu, na huyu bwana kanyoosha mkono ati alishike kidogo —